Picha za Ggaba

Tangu picha zetu za Ggaba zilipotundikwa katika maktaba, tumeulizwa maswali mengi, nayo ni ya namna mbili. Wanafunzi wadogo huuliza, "Mlitumia kamera gani?" Wanafunzi wa zamani waliotutembelea wao waliuliza, "Mahali hapa hasa ni wapi, na ilikuwa mwaka gani?" Swali la pili ni bora kuliko la kwanza, nalo ndilo lililotupa taabu. Mhariri amenipa kurasa chache niyajibu yote mawili, lakini nawaomba wale wa kamera wawe na subira.

Kwanza nieleze kwa nini Chama cha Wapiga Picha kilichagua kwenda mwezi wa Novemba, wakati wa mvua, hata baadhi ya walimu wakatucheka. Katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wapenzi wa picha wana desturi ya kusafiri pamoja katika majira ya majani kupukutika, tangu Septemba hata Novemba. Siku zikianza kufupika na baridi kuingia, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani iitwayo klorofili. Kijani kikiisha, manjano yaliyokuwamo ndani ya jani siku zote huonekana. Na katika miti mingine rangi nyekundu hutengenezwa wakati ule ule kwa sukari iliyobaki katika jani. Basi kilima kizima huwa kama kinawaka moto kwa muda wa wiki mbili tatu, na watu hukifuata kwa kamera kama sisi tunavyofuata nsenene. Mwenzetu mmoja alipoziona picha hizo alisema kwamba sisi tumenyimwa. Nami nilikubaliana naye kwa muda wa kama wiki moja.

Lakini tazama. Hapa kwetu, karibu na ikweta, mchana haufupiki. Ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Kila mti hupukutisha majani kwa wakati wake wenyewe bila kumngoja jirani. Tulicho nacho ni mvua. Miezi ya kiangazi, yaani Januari na Februari, na tena Julai, hewa hujaa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, na vilima vya ng'ambo ya ghuba huonekana kama vimepakwa majivu. Mvua za pili, zile ambazo Waganda huziita ddumbi, zikianza mwezi wa Septemba, huisafisha hewa yote. Asubuhi ya kwanza baada ya mvua ya usiku, mtu aliyesimama Ggaba aweza karibu kuhesabu miti iliyo ng'ambo. Hayo ndiyo majira yetu, nasi tuliacha kuwaonea wivu wenye majani mekundu.

Tulikuwa watu 11: wanafunzi 7, mwalimu mmoja, na wanafunzi wa zamani 3. Mkubwa wao ni mzee wa karibu miaka 80, ambaye bado hupiga picha kwa filamu, kwa kamera ya Yashica yenye lenzi mbili. Filamu yake moja hutoa picha 12 tu. Sisi tulikuwa na kamera 3 za chama, na waliobaki walikuwa na simu zao, ambazo huweza kupiga picha mia bila kuchoka. Mzee huyu alituambia garini kwamba mtu mwenye picha 12 hutazama mara mia, na mtu mwenye picha mia hatazami hata mara 12. Tulicheka, maana tulikuwa bado hatujafika.

Ggaba iko kusini-mashariki ya Kampala, mwendo wa kilomita 10 na zaidi kidogo kutoka mjini, kwa njia ya Kabalagala, Kansanga na Bunga. Tuliondoka kungali giza. Njiani tuliona mabati yamesimamishwa wima juu ya mapipa, na taa kali zikiwaka juu yake, kwa ajili ya kutega nsenene. Novemba kwa Kiganda ni Musenene, na mwezi huo umestahili jina lake. Wawili wetu walitaka gari lisimame wapige picha. Mwalimu alikataa, akasema jua halingojei mtu. Alisema kweli kuliko alivyodhani, kama nitakavyoeleza.

Mji wa Ggaba umekaa ukingoni mwa Ghuba ya Murchison, katika ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale na ambalo Speke aliliita Victoria mwaka 1858. Upande wa kaskazini, katika ghuba iyo hiyo, ndiko iliko bandari ya Port Bell. Ufuko wa Ggaba hutazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza mbele yako juu ya maji. Mapema Novemba huchomoza kama saa 12 na nusu. Februari huchelewa hata karibu saa 1. Wala halitoki mahali pamoja siku zote. Karibu na tarehe 23 Septemba hutoka mashariki kamili, kisha kila siku husogea kidogo kuelekea kusini, hata mwisho wa Desemba ndipo linaporudi. Kwa hiyo mtu akitaka jua litoke katikati ya vilima viwili fulani, hana budi kuijua tarehe yake. Na kila mahali, isipokuwa pale pa mwisho kabisa kila upande, jua hupapita mara mbili kwa mwaka, mara moja likienda na mara moja likirudi.

Sasa juu ya ile nuru nzuri ya asubuhi. Jua likiwa chini, nuru yake hupita katika hewa nyingi kabla ya kutufikia. Rangi ya samawati hutawanyika njiani, na manjano na nyekundu hubaki. Wapiga picha wa Ulaya huisifu sana "saa ya dhahabu". Lakini kwetu si saa! Hapa jua hupanda karibu wima, kama mtu apandaye mnazi. Kutoka ukingo wa maji hata kufikia nyuzi 6 juu huchukua dakika 24 hivi. Katika London, mwezi huo huo wa Novemba, jua hupanda kwa mshazari, na safari hiyo huchukua kama dakika 40. Tena hata adhuhuri halipandi kupita robo ya njia kati ya upeo wa macho na utosi, kwa hiyo nuru ni laini mchana kutwa. Mwenzetu wa London akikosea asubuhi, ana nafasi ya pili. Wewe wa Ggaba ukipoteza dakika 10 kuitafuta miguu mitatu ya kamera yako ndani ya gari, umepoteza karibu nusu ya asubuhi. Mimi nilipoteza 10 hizo. Miguu ilikuwa chini ya kikapu cha mikate.

Asubuhi hiyo kulikuwa na wingu kubwa jeusi mbali juu ya ziwa, kichwa chake cheupe kimefunuka kama uyoga, na umeme ukimulika ndani yake. Jambo hili ni la kawaida, na sababu yake yafaa kujulikana. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji. Hewa baridi huteremka kutoka pande zote za ziwa na kukutana katikati, na ile hewa yenye joto na unyevu iliyoko juu ya maji husukumwa kwenda juu, ikawa mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba za ziwani hupenda kutokea usiku na alfajiri, wakati wavuvi wako kazini. Kwetu lilikuwa pambo la picha. Mvuvi mmoja aliyekuwa akifunga mtumbwi wake alilitazama wingu lile, kisha akatutazama sisi tuliokuwa tukilishangilia, akaenda zake bila kusema neno.

Katika mambo ya ufundi nitasema machache tu. Maji hayana mteremko. Ukiona katika picha yako ziwa linamwagika upande mmoja, ni mkono wako uliopinda. Ukungu mweupe hudanganya kamera, kwa kuwa kamera hudhani kila kitu duniani ni cha kijivu, ikaupunguzia nuru ukungu hata ukawa kama moshi. Basi iongezee nuru kidogo wewe mwenyewe. Kinyume chake, ukitaka mitumbwi na wavuvi waonekane weusi mbele ya maji yanayong'aa, punguza. Na usipige picha ya maji matupu na mbingu tupu. Weka kitu karibu, kamba, kasia, au mafunjo, ili jicho lipate mahali pa kuanzia safari. Baadhi yetu walipiga picha nguzo nyeusi zilizosimama juu ya maji wakidhani ni moshi. Walikuwa ni inzi wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, ambao hutoka majini kwa wingi zaidi siku za mwezi mwandamo. Aliyewakaribia kwa mtumbwi alirudi amefumba kinywa, na alikifumba hata tulipokwisha kupata chai.

Ilipofika saa 2 nuru ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe na kali, tukaingia sokoni. Hapo ndipo tulipofanya kosa. Soko la samaki la Ggaba lina kila kitu apendacho mpiga picha: sangara wakubwa kuliko mtoto, ngege, mukene wanaong'aa kama sindano, na kalooli, wale ndege wakubwa wenye upara, wakitembea katikati ya watu kama maofisa wa kodi. Mmoja wetu alimwelekezea kamera mama mmoja aliyekuwa akipaa samaki, bila kumsalimu. Yule mama aliweka kisu chini, akamwuliza kwa Kiganda, "Kijana, mimi ni kilima?"

Watu waligeuka kututazama. Lazima msomaji afahamu kwamba pale watu wana sababu ya kuiogopa kamera. Tangu 2017 askari wamekuwa wakiwakamata wenye nyavu na mitumbwi isiyoruhusiwa, na picha moja yaweza kumpotezea mtu riziki yake. Pia mtambo wa kusafisha maji ya Kampala uko hapo hapo, nao ni mahali penye walinzi. Ukitaka kupiga picha karibu nao, omba ruhusa kwanza au geuza kamera upande mwingine. Hayo yote mwalimu alikuwa ametuambia siku ya Ijumaa. Tulikuwa tumeyaandika hata katika madaftari.

Yule mzee wetu ndiye aliyetuokoa. Alisogea, akavua kofia, akamsalimu yule mama kwa salamu ndefu ya Kiganda, mpaka habari za nyumbani zikaisha, akamwomba radhi kwa ajili yetu. Kisha akatoa bahasha mfukoni. Ndani yake mlikuwa na picha ndogo nyeusi na nyeupe, yenye kingo za menomeno kama zilivyokuwa picha za zamani. Ilionyesha jiwe kubwa lenye mgongo kama wa ng'ombe, mitumbwi miwili imevutwa nchi kavu mbele yake, na nyuma yake ghuba na vilima. Nyuma ya picha pameandikwa neno moja tu, "Gaba", kwa G moja kama walivyoandika zamani. Mzee alituambia kwamba aliipiga mwenyewe mwaka 1964, alipokuwa mwanafunzi katika shule yetu. Ndiyo picha yake ya kwanza iliyokuwa nzuri, nayo ndiyo iliyomfanya apende kazi hii maisha yake yote. Alitaka kusimama tena mahali pale pale. Kumbe hiyo ndiyo sababu yake ya kuja, wala hakutuambia garini.

Yule mama aliifuta mikono, akaishika picha kwa ncha za vidole, akacheka. "Jiwe hili nalijua. Tulikuwa tukianikia mukene juu yake mwaka ule ziwa lilipokimbia." Alikuwa akisema habari za 2006, maji yaliposhuka sana. Akamwita kijana wake atupeleke. Jiwe lipo, lakini halipo nchi kavu tena. Limesimama ndani ya maji hata kiunoni, na nchi kavu iliyo nyuma yake ina ukuta na geti. Mlinzi wa geti alikataa kutuingiza, kwa adabu, na hatukubishana naye.

Sasa jinsi ya kupata mahali ambapo picha ya zamani ilipigwa. Kulipata jiwe hakutoshi, maana jiwe laweza kutazamwa kutoka popote. Tafuta vitu viwili, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, ambavyo katika picha hugusana. Katika picha ya mzee, ncha ya rasi ya ng'ambo iliguswa na pembe ya kushoto ya jiwe. Ukienda kulia hatua moja, jiwe huonekana kwenda kushoto na kuifunika rasi. Ukienda kushoto, huachana. Ukipata jozi mbili za namna hiyo, mahali pako ni pamoja tu duniani. Kisha tazama vivuli. Vivuli vya mitumbwi katika picha vilianguka kuelekea ziwani, yaani jua lilikuwa magharibi, mgongoni mwa mpiga picha. Basi picha ilikuwa ya alasiri, nasi tulipaswa kungoja. Adhuhuri ya Ggaba haina faida kwa picha. Jua liko karibu na utosi na kila uso una kivuli cheusi machoni. Tulikula ngege wa kukaanga kwa yule mama, ambaye sasa alituruhusu kumpiga picha, akachagua mwenyewe pa kusimama.

Saa 10 alasiri tulikodi mashua, tukavaa majaketi ya kujiokolea, tukalizunguka lile jiwe polepole mpaka rasi ikagusa pembe. Mashua huyumba, kwa hiyo miguu mitatu haifai kitu. Mzee alifungua tundu la lenzi zaidi ili aweze kupiga upesi, kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde. Alipiga mara 3. Lakini kabla ya kupiga ya nne aliishusha kamera, akaitazama tena ile picha ndogo, akanyamaza.

Mmoja wetu, wa kidato cha tano, ndiye aliyesema alichokuwa akikiwaza. Mashua yetu ilikuwa inaelea mahali ambapo mpiga picha wa zamani alisimama kwa miguu yake. Na 1964 haukuwa mwaka wa maji machache. Mvua kubwa za mwisho wa 1961 zililiinua ziwa lote, na maji yakazidi kupanda hata Mei 1964, kipimo cha Jinja kilipoonyesha mita 13.41. Ziwa halikufika tena hapo mpaka Mei 2020, lilipofika mita 13.42 na kuingia katika vibanda vya soko hili hili. Yule mama alituonyesha alama ukutani. Kama sasa jiwe liko majini hata kiunoni, mwaka 1964 maji yangelifika juu zaidi. Mitumbwi ile haingeweza kulala mchangani mbele yake. Kwa hiyo picha ilipigwa kabla ya mvua zile, yaani 1961 au nyuma yake.

Mzee alisema, "Mwaka 1961 mimi sikuwa na kamera. Kamera ilikuwa ya kaka yangu."

Alituambia mengine tuliporudi ufukoni. Kaka yake alimwachia kile kisanduku cha Kodak pamoja na bahasha ya picha alipokwenda kusoma ng'ambo, naye kijana akazichanganya na zake. Kwa muda wa miaka 60 na zaidi aliikumbuka alasiri ile, harufu ya samaki, hata kidole chake kikibonyeza. Huenda alikuwapo, amesimama kando. Kaka yake alikwisha kufariki, na hakuna wa kuulizwa ila ziwa, nalo limekwisha kujibu. Alizirudisha picha 9 zilizobaki nyumbani bila kuzipiga.

Picha zote mbili sasa ziko katika maktaba, upande wa kushoto wa mlango, ya zamani juu na mpya chini. Maandishi ya kwanza tuliyokuwa tumeyatayarisha tuliyatupa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeandika mapya kwa mkono wake, na jina la mpiga picha ya juu ni la kaka yake.

Chama kinawaomba wanafunzi wa zamani wenye picha za Ggaba, Munyonyo au Port Bell watuletee tuzinakili. Zitarudishwa siku hiyo hiyo. Tafadhali andikeni nyuma yake, kwa penseli laini wala si kwa kalamu ya wino, mahali, mwezi, mwaka, na jina la aliyepiga. Kama hamna hakika ya mwaka, acheni nafasi. Mwezi wa Februari, jua likiwa linarudi, tutakwenda tena, na katika mashua nafasi zilizobaki ni 4.